Nyota Mbele ya Jina

Jumatatu, 3 Machi
Leo kompyuta za kituo chetu cha afya zimeunganishwa na za hospitali kubwa. Nikifungua faili la mgonjwa hapa, wao wanalisoma kulekule waliko. Mtaalamu aliyetuletea mambo haya tumeshambandika jina: Bwana Viwango. Anasema sasa mashine zote zitazungumza lugha moja, kila habari na kisanduku chake. Akaniuliza kama masjala tuna utaratibu wetu wowote anaopaswa kuujua. Nikamwambia hakuna. Miaka kumi na tisa kwenye mafaili, nianze kuhojiwa na mgeni wa wiki mbili!

Jumanne, 4 Machi
Wifi kapita na mkoba wake. Anakwenda kulazwa hospitali kubwa, keshokutwa anatolewa vijiwe kwenye nyongo. Eti nimwangalie kaka yangu, hata chai hajui kuchemsha. Nikamjibu sisi tulimtoa kwetu akiwa anapika, yeye ndiye kamharibu. Tumecheka sana.

Alipoondoka nikafungua faili lake. Nyota ipo mbele ya jina, moyo ukatulia. Nyota ni yangu. Enzi za karatasi, mgonjwa anayedhuriwa na dawa fulani nilimchorea nyota nyekundu juu ya jalada, na hapa hakuna asiyeijua. Tulipohamia kwenye kompyuta nikaendelea nayo. Kisanduku cha mzio nakiacha kitupu — cha nini, na nyota ipo? Wifi na penisilini hawapatani. Mara ile koo lilivimba, tukajua ndiyo basi.

Jumatano, 5 Machi
Nimempigia nesi wa kule kumjulia hali wifi. Akanisomea kilichopo kwenye skrini yake. Mzio — hakuna. Nikamwambia aangalie nyota. Nyota gani, dada? Jina tupu.

Nikamwendea Bwana Viwango.

Hakunifokea, na afadhali angefoka. Kaeleza polepole: mfumo unasafisha majina, alama isiyo herufi inafutwa. Na kisanduku kitupu, mashine ya kule inakisoma “hakuna”. Kumbe kuna neno la kuchagua kwa asiyeulizwa, na lingine kwa asiyejulikana. Yote yalikuwepo, kasema, kama mngejaza. Sisi nani? Ni mimi.

Nimejaza cha wifi. Nikampigia nesi tena anisomee. Penisilini, hatari. Nikamwomba arudie.

Ijumaa, 7 Machi
Wifi kapasuliwa jana, salama. Ameshaanza kulalamikia mto wa kitanda, kwa hiyo amepona.

Wenye nyota ni mia tatu na kumi na mbili. Na nyota haisemi ni dawa gani! Hapa tulikuwa tunamuuliza mgonjwa mwenyewe. Mganga mkuu anataka ripoti. Kaniambia kwa upole tunaweza kuandika kwamba ni hitilafu ya mfumo. Nimeandika kwamba ni mimi. Aibu nimeiona, tena kubwa.

Jumatatu, 10 Machi
Tangu Jumamosi napiga simu. Fundi viatu wa barabarani: dawa za salfa. Mama wa mapacha: aspirini, na salamu ndefu. Waliopatikana tisini na nne.

Leo saa nne orodha ikanifikisha kwa mwalimu mstaafu. Nyota. Simu yake imezimwa. Jirani anasema alfajiri kachukuliwa na gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa, homa kali, hajitambui. Nimetoa jalada lake la zamani stoo: nyota yangu nyekundu juu, ndani hakuna aliyeandika dawa.

Kwenye kisanduku nimejaza “haijulikani”, nikampigia nesi. Amesema sindano iko tayari mezani. Nikamwambia asimchome. Basi tumpe ipi, dada? Daktari kachukua simu, hakunigombeza. Anaweza kusubiri hadi saa sita, zaidi ya hapo homa yenyewe itamuua.

Mkewe, pengine yeye anaijua dawa yenyewe, yuko njiani kumfuata. Nimepiga mara nne, inaita tu. Sasa ni saa tano na nusu. Napiga tena.