Dizeli Aliyoitilia Saini Azzan

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku ya hamsini na nne ya eda. Nimeamka, nimeswali, nimekaa. Chai imepoa, sikuinywa. Watu wanasema najikaza. Sijikazi! Hamna kitu ndani cha kukaza.

Kaka yangu Sabri kaja asubuhi kafura. Pampu ya gari lake la watalii imekufa, na fundi wa Mlandege kamwambia dizeli ina maji. Si yeye peke yake — boti za Matemwe, jenereta za mahoteli, zote zinakohoa. Watu washajua mafuta yenyewe yaliingia na meli ipi, mwezi wa tano, na nani aliyeyapima. Anasema pale Darajani wanamtaja Azzan kwa jina. Mume wangu. Miezi miwili haijatimia kaburini.

Sikulia. Nikamuuliza kama keshakula.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Simu. Bwana Kificho, mkubwa wa Azzan kazini. Salamu ndefu, pole ndefu, kisha akafika alikokuwa anakwenda. Wale waliouza mafuta wako huko Ghuba, na wanasema mzigo ulishushwa safi, mpimaji wenu mwenyewe katia saini, msitusumbue. Kampuni nayo inasema basi Azzan alitia saini bila ya kupima. Haki zake zimezuiwa mpaka uchunguzi uishe.

Bila ya kupima! Azzan! Mtu aliyekuwa akija jikoni kunipimia maji ya wali.

Kazi yake alinieleza mara ngapi, mie namenya vitunguu. Sisi hatuchimbi hata tone. Wanachimba wengine, wanasafisha wengine, tajiri wa Dubai anayanunua yangali baharini, anamuuzia mwenziwe, naye anauza tena. Meli ile ile inakwenda zake, mwenye mzigo keshabadilika mara tatu, na hapana hata mmoja wao aliyeyaona. "Wa kwanza kuyatazama ni mie," akisema. Anapaka dawa kwenye kipimo, anakiteremsha ndani ya tangi, na dawa ikigusa maji hugeuka nyekundu. Halafu anajaza chupa tatu, anazipiga lakiri, ile nta nyekundu ya muhuri. Moja huondoka na meli. Moja hubaki bohari. Ya tatu akija nayo nyumbani, maana bohari vitu vina miguu.

Kweli, chupa ya bohari haionekani, kasema Kificho. Lakini yetu iko chini ya ngazi. Ikipimwa ikionekana safi, basi maji yametiwa baadaye na watu wengine, na Azzan hana lake. Nikamwambia. Atakuja kuichukua mwenyewe Jumatatu.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Wageni. Bi mmoja kanishika mkono, akalia yeye. Nikampa leso yangu.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Sabri kaingia chini ya ngazi na tochi. Hamna chupa. Katoa ndoo, katoa majamvi, katoa sufuria za shughuli. Hamna.

Nikamuuliza Bi Shahida. Ndiye mama yake Azzan, yuko nami tangu msiba, na jiko lote yeye.

"Ile chupa ya mafuta ya taa? Mbona niliwashia majiko, mwanangu, siku ya arobaini. Mkaa si ulilowa?"

Nimwambie nini? Khitma, majiko manne, wanawake ishirini wanasubiri kupika. Nani angesoma karatasi kwenye chupa! Nikamuuliza na ule wekundu kwenye kizibo. Kasema aliubandua kwa kisu, ulikuwa mgumu kweli kweli.

Ningenyamaza hapo. Ningeondoka zangu. Lakini yeye akaendelea.

"Na mafuta yenyewe hayakuwa na maana. Yanalia tu, tsss, tsss, yanarusha cheche, moto hauji. Nikaimimina kwenye bakuli — maji yamekaa chini, meupe! Nikaagiza mengine dukani."

Akacheka. Mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu tumzike mwanawe.

Sabri kanitazama. Mie nikatazama ukuta.

Lakiri ilikuwa ya Azzan, na haikuwa imeguswa. Maji yalikuwemo tangu siku ile. Aliyaona, akaandika safi.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Nakumbuka siku ile meli ilipofunga gati. Siku ya sita kisiwa hakina mafuta. Huko Ghuba mambo yalikuwa yamechafuka, meli zimechelewa, nchi kubwa zinanunua kila kinachoelea na sisi tunangojea kitakachobaki. Hospitali wanapiga simu. Kificho anapiga simu. Angeikataa ile meli, ingekuja nyengine lini?

Karudi alasiri, hakula. Kanawa mikono kwa sabuni mara tatu. Nikamuuliza una nini. Joto, kasema. Nami nikaridhika na joto! Baada ya wiki mbili moyo wake ukasimama.

Kama alijua, kwa nini aliileta chupa nyumbani? Kuitunza, au kuificha? Bahari iko pale, angeimwaga. Natafuta ndani kama nimkasirikie au nimhurumie. Sipati. Nimekufa ganzi mpaka kwenye ulimi.

Sabri anasema niseme imevunjika, basi. Mtu wa eda nani atamuhoji? Na nimwambie Bi Shahida afunge mdomo. Lakini ataniuliza kwa nini. Nami nimwambie mama mtu kwamba mwanawe alitia saini uongo?

Kesho Sabri atampokea Kificho yeye. Tumekubaliana hivyo.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Kificho kawahi. Sabri hajafika. Simu yake inaita tu.

Niko juu. Siteremki kukaa na mwanamme asiye maharimu wangu, hata uongo wetu nilimwachia Sabri auseme. Bi Shahida kamfungulia. Shikamoo, marahaba, karibu baba, kaa. Nasikia vikombe. Anamsifu Azzan mbele ya Kificho: tangu mdogo hakuwahi kumpunja mtu. Kificho anaitikia kwa adabu.

Sasa anauliza habari ya chupa.

Nimeacha kuandika, nimekwenda mpaka kichwa cha ngazi. Nimeita, "Mama!"

"Nnakuja, mwanangu," kanijibu, sauti imechangamka. "Ngoja nimuhadithie kwanza mgeni, acheke kidogo."