Wageni Walioshindwa Kupishana

Dada Paneeraq,

Kidole gumba cha yule mkubwa wa Marekani kilikuwa kinachungulia kwenye tundu la soksi, na mimi nimesimama na birika la kahawa, sijui niangalie wapi. Lakini ngoja, nimechomoka kama mbwa aliyekata kamba. Hujambo huko Aalborg? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tupo, mbwa wapo. Shangazi Tabita goti linamsumbua, ila mdomo wake mzima kabisa.

Basi ilikuwa sherehe ya Malik, mtoto wa jirani. Kawinda sili wake wa kwanza kule baharini, na shangazi akatoa nyumba yetu watu waje. Si unajua mambo yetu: unavua viatu mlangoni, unakula keki, unakunywa kahawa na supu ya sili, unashukuru, unampisha aliyesimama nje. Sasa siku hiyohiyo helikopta ikashusha wakubwa wawili, mmoja wa Marekani, mmoja wa Kopenhagen, na mkalimani wao. Kila mmoja anamtaka shangazi peke yake, maana ndiye mwenyekiti wa kijiji, na kila mmoja anaitaka ghuba yetu ajenge bandari ya manowari. Wanasema barafu inaisha, njia ya meli imefunguka, Warusi na Wachina watapita hapahapa. Shangazi akawaambia leo ni siku ya Malik, ingieni mle kwanza.

Wakala, wakamaliza. Hawainuki! Mmarekani anaogopa akitoka, mwenzake atabaki na shangazi. Na mwenzake hivyohivyo. Kikombe juu ya kikombe, wanatazamana tu. Nje watu wamejaa kwenye ngazi, upepo unawachapa. Mzee Gerth akapenyeza kichwa mlangoni akauliza, "Jamani, hao makalio yao yameganda hapo? Nilete shoka?" Tulicheka mpaka Malik akamwaga supu. Mkalimani akakataa kutafsiri.

Shangazi hakucheka. Akaweka upawa chini, akafuta mikono. Dada, ungemwona! Kafupi vile, na goti lake bovu, ila nyumba nzima ikamgeukia. Akasema taratibu kwamba kwetu mgeni akishiba anampisha mwenzake, hata mtoto anajua. Akasema, "Ninyi mmeshindwa kupishana kwenye kiti cha jikoni kwangu. Kwenye ghuba mtampisha nani? Nyangumi wetu?" Hilo mkalimani alilitafsiri, neno kwa neno.

Mmarekani akawa mwekundu, halafu akacheka, akamwonyesha mwenzake mlango. Mwenzake naye akasema hapana, tangulia wewe. Basi wakatoka pamoja wakabanana mlangoni, soksi zao kwenye theluji, maana viatu walivisahau. Malik akawakimbilia navyo. Kabla helikopta haijaruka, wote wawili wakamwomba shangazi aende mji mkuu, Nuuk, akaseme kwenye mkutano kabla ghuba haijaamuliwa.

Sasa nikwambie jambo ambalo hapa hakuna anayelijua isipokuwa shangazi. Dada, mimi naitaka ile bandari. Najua nyangumi wakisikia injini watahama, na wakihama kijiji hiki kimekwisha. Lakini barafu haigandi vizuri kama zamani, na nimechoka kurudi toka mawindoni, mbwa wanavuta sleji tupu. Pale kutakuwa na kazi, hata kwa mtu wa madarasa machache kama mimi. Nilimwambia shangazi tukiosha vikombe, macho yangu kwenye beseni. Nilidhani atanitimua.

Akaendelea kufuta vikombe. Halafu akasema nifunge mzigo, twende Nuuk wote, na hayo maneno nikayaseme mwenyewe. Nikamwambia mimi siwezi kuongea mbele za watu. Akasema nikishindwa atanikanyaga mguu. Akasema akiongea yeye tu mpaka mwisho, atakuwa na tofauti gani na wale mabwana wa soksi?

Mtu unampinga, naye anakusogezea kiti. Mimi sijawahi kuona.

Wasalimie wote huko, na ule vizuri. Inabidi niondoke sasa hivi. Mbwa wameshafungwa na jua linapanda, na barafu ya ghuba ikilainika hatufiki kwenye helikopta ya abiria kule ng'ambo. Shangazi ananiita. Ameshakaa kwenye sleji, tena nyuma, na goti lake lile. Mbele ameniachia mimi.

Mdogo wako,
Inuteq