Valvu Mbili za Mvuke

Jumatatu, 3 Juni
Alizeti imeanza kuingia kiwandani kwetu kutoka Kongwa, ikamuliwe mafuta. Malori yamepanga foleni mpaka relini. Kama kila msimu, wamefungua valvu zote mbili za mvuke kwenye tangi la kupikia mbegu, maana moja haikidhi. Nimemaliza taarifa yangu ya usalama. Baridi. Vumbi mpaka kwenye chai.

Jumatano, 5 Juni
Kikao. Nimewaambia valvu ya usalama iliyo juu ya tangi inamudu mvuke wa valvu moja ikiharibika, si wa mbili. Meneja akasema mbili haziwezi kuharibika kwa mpigo. Zinaweza. Zinaendeshwa kwa upepo wa kompresa unaopita bomba moja, na upepo ukikatika zote zinafunguka mpaka mwisho.
"Injinia, wewe kazi yako kuota mabaya tu," akasema.
Wakacheka, wakahamia kwenye habari ya magunia. Nimewachoka.

Ijumaa, 7 Juni
Anayesimama kwenye lile tangi ni Elia, mume wangu. Nimemwomba ahamie kwenye kufungasha mashudu. Hataki. "Nikitoka mimi atawekwa Chilewa. Naye ana familia." Nimemkasirikia, na najua amesema kweli.

Jumanne, 11 Juni
Bomba la upepo limepasuka asubuhi. Valvu zote mbili zikafunguka. Ile ya usalama ikalia, haikutosha, presha ikazidi kupanda. Elia akakimbilia bomba kuu la mvuke kulifunga kwa mkono. Alilifunga. Ila gasketi ya tangi, ule mpira wa kuziba maungio, ilishafyatuka, na mvuke ukampata mikono yote miwili.
Nilikuwa dirishani ofisini. Nimeona kila kitu.
Mama mkwe amekuja hospitali. Nikamwamkia. Akauliza mwanangu kafanywa nini. Mvuke, mama.

Jumatano, 12 Juni
Elia amelala. Daktari anasema vidole vitapona, taratibu. Silii. Nimefua shati lake, nikalianika, nikalianua likiwa bado bichi.

Ijumaa, 14 Juni
Kikao. Meneja ametoa pole kwanza, sitamnyima hilo. Kisha akasema tangi halikupasuka, kwa hiyo hesabu za zamani, za valvu moja tu kuharibika, ziko sawa. Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Bomba limeungwa. Valvu zote mbili zinafanya kazi tena. Chilewa ndiye yuko pale.
Nilitegemea nitawaka. Sikuhisi kitu.

Jumamosi, 15 Juni
Nimetoka nyumbani na mnyororo na kufuli la geti. Mchana kweupe, watu wote wakiniona, nimefunga kwa mkono koki ya mvuke unaoingia valvu ya pili, nikazungusha mnyororo kwenye mpini wake, nikatia kufuli. Sasa inabaki moja. Hiyo hata ikiharibika, ile ya usalama inaimudu.
Chilewa akasogea. "Shemeji, meneja anajua?"
"Atajua."
Akarudi kwenye tangi lake.

Jumapili, 16 Juni
Hatukwenda kanisani. Elia yuko nyumbani, bandeji mpaka viwikoni. Namlisha ugali na mlenda, tonge moja moja. Mlenda unamchuruzika kidevuni, namfuta.
Simu inaita. Meneja. Inakatika, inaita tena. Kiwanda kinakwenda nusu mwendo na malori hayasogei. Ufunguo uko mezani, karibu na chumvi. Geti letu limelala bila kufuli.
Elia ameuliza ni nani huyo. Watu wa kazini, nikasema.
Akafungua mdomo, nikampa tonge lingine.