Kinanda cha Anna

Jumatatu, 3 Machi
Kinanda bado hakitaki kwenda na sauti. Nabonyeza kwa vidole vitatu, chenyewe kinazikimbiza noti moja moja, kama alivyopenda mke wangu Anna. Nimekiweka kifuate mwendo wa kompyuta. Kompyuta ikisimama, nacho kinanyamaza. Ubeti wa kwanza sawa. Wa pili kimeshamwacha. Jumamosi tunaweka msalaba kaburini kwake na mama mkwe ameomba wimbo huu. Mke wangu alirekodi sauti tu, akaugua. Kinanda nikamwambia tutaweka baadaye. Baadaye gani.

Jumanne, 4 Machi
Nimebadilisha waya. Bado. Nimelaumu kompyuta, umeme wa huku Kijenge, hata majirani wanaonisalimia vizuri. Nina hasira tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimekata sauti ya Anna vipande, nikainyoosha ifuate kompyuta. Sasa vinakwenda pamoja. Nimekula vizuri leo.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe ameteremka kutoka mlimani na ndizi na maziwa mgando. Nikamsikilizisha wimbo. Akauliza: "Baba, mbona Anna hatusubiri?"

Kwaya ya kanisani kwao huburuta neno la mwisho la kila ubeti, hadi bibi wa benchi la nyuma wapate pumzi. Anna aliwasubiri hata akirekodi humu chumbani, ambamo hawakuwemo. Mimi, fundi wa sauti, nikaona ni kosa. Nikalikata. Nimelia mbele ya mkwe. Aibu tupu.

Ijumaa, 7 Machi
Bahati sikuifuta sauti ya awali. Nimeisikiliza huku nagonga kitufe, pigo kwa pigo, kompyuta ishike mwendo wake. Anapopunguza, napunguza. Kinanda kinafuata kompyuta, kompyuta inamfuata Anna. Mwisho wa ubeti noti zikapunguza mwendo, zikamngoja. Ikabidi nitoke nje kidogo.

Jumapili, 9 Machi
Jana tuliweka msalaba. Manyunyu, Mlima Meru hauonekani. Ubeti wa kwanza ulipoisha kwenye spika, bibi wakavuta pumzi, wakaingia wa pili pamoja na Anna. Hakuna aliyewaambia. Mama mkwe aliimba hadi mwisho. Mimi sikuweza.

Leo nimetoka ibadani, nyumba kimya. Nimewasha kinanda bila kompyuta, nikabonyeza kwa vile vidole vitatu. Hakikulia. Bado kinasubiri aliyekuwa anakiongoza. Najua pa kubadilisha, ni kitufe kimoja. Nimekifunika kwa kitenge cha Anna, nikakiacha hivyo hivyo.