Papa, taa imewaka kabla ya mwezi

Papa,

Kabla ya salamu nina swali, na ni moja tu: ulijua?

Salamu nimekuletea makaburini, safari ya kwanza nikilia, safari zilizofuata macho makavu. Leo naandika kwa sababu haya siwezi kuyasema kwa mdomo bila sauti kupanda, na Mama yuko edani, hapaswi kusikia kelele.

Tangu utuache, karakana yako ya sokoni imefungwa. Watu bado wanakuja na redio zao kwapani, wanakuta kufuli, wanaambiwa msiba, wanarudi nazo. Mimi niliomba ruhusa kiwandani Muganza, nikapanda hadi Kamembe kuanza mfungo na Mama, asifuturu peke yake.

Ule utepe wako wa taa niliukuta pale pale juu ya mlango wa sebule. Taa thelathini, moja kwa kila usiku wa Ramadhani, kila moja chini ya kifuniko cheupe cha chupa ya maji ili isichome macho. Unakumbuka siku ulipouleta kutoka Bukavu? Uliuunga, ukakataa kuwaka. Siku nzima ulimsema vibaya yule mfanyabiashara wa ng'ambo, ukavaa koti kabisa uvuke daraja la Rusizi umrudishie takataka zake. Kumbe waya umezilehemu mwisho wa utepe badala ya mwanzo. Mshale wa kuonyesha amri ya kuwaka ipite wapi ulikuwa umechorwa, mdogo sana. Nilipokuonyesha ulisema, "Mushale gani huu, hata siafu haiwezi kuuona." Ukavua koti.

Baada ya hapo ulizipenda taa zile kupita kiasi. Ulimweleza kila mteja kwamba kila taa ina chipu yake ndani, inachukua amri yake na rangi yake, halafu inapitisha zilizobaki kwa mwenzake. Taa za Ijumaa ukazipa kijani. Wateja walikuja kuchukua redio, wakaondoka wamepata darasa.

Na kila mwaka mambo yalikuwa yale yale. Tunangoja tangazo la mwezi kwenye simu, tunasimama sebuleni, wewe na kidole juu ya kitufe. "Batoto bote bako hapa? Basi nafinya." Taa ya kwanza inawaka. Kesho yake unafinya, inawaka ya pili. Mimi nilikushauri tutie saa ndani ya kisanduku cha kitufe, utepe ujihesabie siku wenyewe. Ulikataa katakata. "Mashini haina macho ya kuona mwezi," ulisema, na ukishasema wewe nani angekubishia.

Sasa sikia. Jioni ya kutazama mwezi, mawingu yalifunga upande wote wa Bukavu. Mwadhini alikuwa katikati ya adhana ya magharibi, Mama anatandika mkeka, mimi niko mlangoni navua viatu. Taa ya kwanza ikawaka juu ya kichwa changu. Hakuna aliyekuwa karibu na kitufe. Nilibaki na kiatu kimoja mkononi.

Baadaye kidogo simu ikaleta tangazo: mwezi haujaonekana, tutaanza kufunga keshokutwa. Yaani taa yako ilikuwa imewahi siku nzima.

Nilichukua bisibisi nikafungua kisanduku. Ndani nikakuta saa, na betri yake ndogo ya duara, imelehemiwa kwa mkono wako, risasi ya kulehemia bado inang'aa. Niliduwaa, Papa. Wewe, mbishi wa mtaa mzima, umekubali saa. Umeacha kungoja mwezi, umefuata kalenda. Mtu anaweka saa imuwashie taa kwa sababu anajua hatakuwepo kuiwasha.

Nikakaa chini. Nilipomgeukia Mama, alikuwa ananitazama, wala hakushangaa.

"Alijua," akasema. "Daktari alimwambia moyo wake umefika mwisho. Akanikataza nisikuambie. Alisema ukijua utaacha kazi."

Ndiyo, ningeiacha. Ningeiacha siku ile ile, nikapanda gari la kwanza. Sisi wote huku tulilia tukisema kifo kimekuchukua ghafla, kumbe kilikuwa kimepiga hodi na wewe umekikaribisha kimya kimya. Kila Jumapili nilikupigia simu, na kila Jumapili jibu lako moja: "Niko muzima, binti. Baki na kazi yako." Nami nikabaki. Ningekaa na wewe karakanani nikakushikia tochi wakati unalehemu saa hiyo hiyo. Uliniamulia, na hukuniuliza.

Nilimwuliza Mama kwa nini basi hukutuachia kitufe tu, mmoja wetu akafinya. Akajibu kwamba ulimwambia hakuna kati yetu atakayekuwa na moyo wa kufinya. Na ni kweli. Tangu nifike nyumbani nilikuwa nakipita mbali kile kitufe, hata vumbi sijakifuta.

Sasa tunafunga, na kila magharibi taa zako zinatutangulia siku moja. Watoto wa jirani wanatutania kwamba kwetu Idi itafika kwanza. Nilitaka kurekebisha tarehe ya saa, ni kazi ya dakika chache, laptop nimeshaishika mkononi. Mama akanizuia. "Mwache akosee," akasema. Alicheka, mara ya kwanza tangu tukuzike, halafu akalia, nami nikalia naye mpaka futari ikapoa.

Basi kwaheri, Papa. Mungu akupanulie ulipolala na akutilie nuru. Yeye amekusamehe, Inshallah, rehema Yake haina mfano. Mimi bado. Nipe muda.

Karakana nitaifungua Idi ikipita. Na jambo jingine nakuahidi, Mama yuko hapa ananisikia nikilisoma: siku daktari akiniambia mimi neno kama lile, nitawaambia watoto wangu siku hiyo hiyo. Waache kazi, waje, wakae na mimi.

Binti yako,
Hadija