Ukurasa Mmoja wa Kweli

Buffalo, Marekani, Jumanne

Rudia! Mimi, mwenye mdomo kuliko darasa zima la watu wazima, nimeandikiwa "rudia" kwa kalamu nyekundu.

Wiki iliyopita mwalimu alitueleza kwamba baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini, waandishi wa Marekani walianza kuchoka na hadithi za mabwana na ngome. Wakaandika kuhusu watu wa kawaida, wanavyofanya kazi, wanavyoongea. Huo unaitwa uhalisia. Nikamwambia, "Mwalimu, hapo umefika kwangu. Hao wazee wangenilipa niwasimulie." Darasa likavunjika mbavu. Akatuagiza kila mtu aandike ukurasa mmoja wa kweli.

Nikaandika kuhusu siku tuliyokimbia Burundi, nikiwa na miaka saba. Sikufikiri hata kidogo. Ilitoka yenyewe, vile tulivyoikariri kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, tusije tukapishana maneno mbele ya maafisa kwenye mahojiano ya kuja huku.

Leo mwalimu kanirudishia. "Hii ni kama fomu," alisema kwa upole. "Mama yako alikuambia nini siku hiyo?"

Nikaikunja karatasi, nikaitia mfukoni.

Mama aliporudi kutoka kazini nikamuuliza. "Shikamoo, mama. Siku ile tunakimbia, uliniambia nini?"

Akaweka mkoba chini, akanyoosha mgongo. "Tulitoka nyumbani asubuhi, watu watano, tukavuka mto kwa miguu..."

"Mama, ni mimi. Hakuna afisa hapa."

Akakaa karibu nami. "Najua, mwanangu. Hiyo ndiyo iliyobaki kichwani mwangu."

Karatasi iko mbele yangu. Nimeandika jina langu tu.