Pombe ya Mama Mkwe Niliyoimwaga

Jumamosi. Upepo na vumbi tangu alfajiri.

Sasa hivi mwanangu Sechelela kaokota kikombe cha bati, kitupu, akakiweka mdomoni akafanya kama anameza, halafu akaninyooshea mimi. Nimecheka. Kisha nikageuza uso asinione.

Kajifunza kwa bibi yake. Mama mkwe akija kutoka Bahi na dumu lake la pombe ya uwele, kabla hajanimiminia hunywa funda moja mbele yangu. "Natoa sumu," husema, "usije ukasema wakwe wamekuroga." Ndivyo alivyolelewa, anayekaribisha aonje kwanza. Pombe yenyewe ni ya kuniongezea maziwa, maana bado nanyonyesha.

Tulikuwa tunacheka sana. Hapa mjini Nkuhungu sina mwingine wa kucheka naye. Baba Seche alipunguzwa kazini kiwanda kilipouzwa, akaenda machimbo ya Mererani kutafuta mawe ya thamani, na barua yake ya mwisho ilikuja kabla ya mvua. Majirani ni watu wa ofisini. Tunaamkiana tu, basi.

Shida ilianzia kliniki. Nesi alitufundisha kwamba ndani ya pombe na vitu vilivyochachushwa kuna kemikali mbaya. Hakuna anayeitia. Inajitengeneza yenyewe humo humo pombe inapochacha, ikikaa siku nyingi kwenye joto inazidi, na mtu akiinywa miaka na miaka inaweza kumletea saratani. Na kilevi chenyewe, akasema, kinapita kwenye maziwa. Jina la kemikali niliandika kiganjani, likafutika nikiosha vyombo. Mimi niliishia la saba, lakini hili lilinikaa kichwani: dumu la mama linasafiri juu ya keria ya basi, juani, kutoka Bahi mpaka hapa.

Sumu ya namna hiyo haitoki kwa funda moja.

Ningeweza kumwambia. Sikumwambia. Alipokuja tena na dumu, nilipokea kwa mikono miwili, nikasema asante mama, nitakunywa baadaye. Alipoondoka nikaenda kuimwaga nyuma ya choo. Kumbe alisahau kitenge chake. Akarudi, akanikuta nimeinamisha dumu, kuku wa jirani wanadonoa machicha.

"Kumbe unaona nakulisha sumu, Mama Seche? Na mimi ninayeonja, nife?"

Nikaliweka dumu chini. Akachukua kitenge, akachukua na dumu, akaenda zake.

Leo ni Jumamosi ya nne tangu aondoke.

Najua sikukosea kumwaga. Nilikosea kumficha. Yeye anakunywa kuliko mimi, na ameanza tangu usichana wake. Kama ni hatari, yake ndiyo kubwa, nami nikajiokoa peke yangu, kimyakimya.

Yeye alikuwa ananionjea. Mimi nilimwacha anywe.

Nimewaza nimwombe awe anakuja na unga wa uwele tu, nipike uji, na mimi ndiye nionje kwanza. Anaweza kukataa. Anaweza kusema shule imenipa kiburi. Lakini akikataa akiwa amekaa hapa kwenye mkeka, si bora kuliko

Ngoja, kuna mtu anaita nje.

"Mama Seche! Njoo unitue huu mzigo, shingo inakatika!"

Ni yeye! Seche keshakimbilia mlangoni na kikombe chake. Sijui mama kabeba nini, ila leo simfichi aliyosema nesi, nikishamwamkia tu nitamwambia, mama, mimi